Sakafu ya Lempi

Njia ya Salo,
Karibu na Hancock, Michigan.
9 Mei

Mdogo wangu mpendwa Arvid,

Pokea salamu za dhati kutoka nyumbani, wewe na wifi yangu Marlene, pamoja na yule malkia wenu Senja, ambaye nasikia ameshang'oka meno ya mbele na sasa anapiga mluzi kila akitaja jina lake mwenyewe. Ni tumaini langu kwamba huko Oregon mu wazima, na ile mvua yenu isiyojua kukatika haijawaotesha ukungu. Sisi huku tunamshukuru Mungu kwa tulichonacho. Theluji imekwisha, isipokuwa ile ya nyuma ya kibanda cha sauna ambayo unaijua, haiondoki mpaka ifukuzwe kwa koleo. Goti langu linauma, paka amezaa tena, na utomvu wa miti ya mepo mwaka huu ulikuwa kidogo hata sikuona sababu ya kuwasha moto kuuchemsha uwe shira.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu umenikatia mara mbili. Sikununii kwa hilo, ila barua haikatiki namna ile. Ukitaka kuichana, ichane, lakini isome kwanza mpaka mwisho, maana mimi ni dada yako mkubwa na nilikufuta makamasi kabla hujajua kutamka jina langu.

Jambo ninalokuomba ni moja tu. Njoo nyumbani. Najua uliapa. Niliyasikia kwa masikio yangu, siku ya mazishi ya Mama, kule chumba cha chini cha kanisa, watu wameshika vikombe vya kahawa na mimi nimeshika sinia ya mkate wa iliki. Ulimwambia Baba mbele ya kadamnasi kwamba amemwacha Mama afe akisubiri vanishi ikauke, kwamba maisha yake yote alipenda mbao kuliko watu, na kwamba hutakanyaga nyumba yake maadamu yu hai. Baba alikuangalia tu. Aliweka kikombe mezani, akachukua kofia yake, akatoka kwenda kukaa ndani ya gari peke yake kwenye baridi ile. Na mimi, nikuambie ukweli, moyoni nilisema afadhali mtu amemwambia.

Basi nisikilize. Tulikosea, Arvid, wewe na mimi, na wiki iliyopita ndipo nilipojua tulivyokosea. Lakini nikikupa mwisho bila mwanzo hutaniamini, kwa hiyo vumilia. Wewe habari zote ulizipata kwa jirani yetu Impi, na Impi unamjua, akisikia mtu amepiga chafya anatangaza homa ya mapafu.

Ilikuwa Oktoba, tulipomtoa Mama kwa daktari. Tukapanda gari, tukavuka daraja. Hapo ndipo aliposema, kwa sauti ileile ya kuagiza viazi, kwamba sasa anataka sakafu yake. Unakumbuka lile zulia la plastiki la sebuleni, lenye maua ya kahawia na tundu lililofunikwa na kiti cha Baba? Maisha yote ya ndoa yake Mama alilipiga deki zulia lile. Baba aliwawekea madaktari sakafu za mepo, akaiwekea shule ukumbi wake wa michezo, akamwekea hata yule mwenye duka la majeneza, lakini kwake mwenyewe hola. Mganga hajigangi. Mama alikuwa akiwatania wageni kwamba yeye ameolewa na fundi wa sakafu, lakini sakafu anayo mke wa daktari. Wageni wakicheka, Baba anaangalia dirishani.

Siku ile ndani ya gari Baba alijibu neno moja tu, "Haya." Kesho yake asubuhi alikwenda ghalani, akavuta maturubai, na nikaona kitu ambacho wala mimi wala wewe tulikuwa hatukijui. Chini ya maturubai kulikuwa na mbao za mepo, nyeupe, safi, hazina fundo wala jicho. Alikuwa akizichagua mojamoja kwa miaka na miaka, kila akipata ubao mzuri kuliko wenzake anauweka kando kwa ajili ya Mama. Nilipomuuliza alikuwa akingoja nini siku zote hizo, alisema alikuwa akingoja nafasi. Nilimwambia nafasi yenyewe imekuja imevaa sanda. Ulimi wangu huo, Mungu anisamehe.

Wewe ni fundi, sina haja ya kukufundisha, ila nataka uone mambo yalivyokwenda. Mbao zilikuwa zimekaa ghalani, zimenyonya baridi na unyevu wa ziwa. Baba akaziingiza sebuleni, akazipanga na vijiti katikati ili hewa ipite, na akasema hazipigwi msumari mpaka zizoee nyumba. Nikasubiri wiki ya kwanza, nikasubiri na ya pili. Kila asubuhi anazipima unyevu kwa kile kidude chake, anatikisa kichwa, anaongeza kuni jikoni. Mama naye amelala chumba cha nyuma, anapungua kama sabuni, na kila nikimpelekea uji ananiuliza, "Zimeshaamka hizo mbao?" Namwambia bado. Anacheka, anasema basi hizo ni za ukoo wa mumewe Urho, hazifanyi haraka hata nyumba ikiungua.

Mimi sikuwa na kicheko. Nilimwambia Baba apigilie misumari, mwenye sakafu anaondoka. Akanieleza taratibu, kama vile mimi ni mteja, kwamba akiziweka hivyo jiko litazikausha, zitajikunja na kuachia nyufa, na kiangazi kikija na unyevu zitavimba na kuinuka katikati kama mkate uliotiwa hamira nyingi. Nikamwambia kiangazi Mama hatakuwepo kuuona huo mkate. Akasimama hapo na kile kipimo mkononi. Akasema, "Mbao haijui kama mama yako anaumwa, Saimi." Niliondoka nikabamiza mlango mpaka picha ya bibi ikaanguka.

Alianza kuweka mwanzoni mwa Desemba. Nilikuwa nampa mbao, yeye yuko magotini tangu kiamsha kinywa mpaka giza. Unamjua Baba kazini, hasemi, anaguna tu. Ulimi wa ubao unaingia kwenye mfuo wa mwenzake, gonga, gonga, msumari, mwingine. Na hapa ndipo pana jambo ambalo nikilikumbuka nacheka huku nalia. Mama kule chumbani alikuwa akisikiliza nyundo. Siku moja akapaza sauti, "Urho! Huo haujaingia!" Baba akainama, akatazama, na kweli, ubao ulikuwa umeachia upenyo ambao hata unywele ungepita kwa taabu. Tangu siku ile wakawa wanafanya kazi pamoja, mmoja anapiga, mwingine anasikiliza ukutani. "Huo sawa." "Huo bado, mzee, au macho yameota ukungu?" Na Baba, ambaye ukimkosoa hata uzi anakasirika, anajibu, "Ndiyo, mama mkaguzi." Sikuwahi kuwasikia wakiongea hivyo. Nadhani zile zilikuwa siku zao nzuri.

Muuguzi aliyekuwa akija kumwangalia, Bi Colleen, alituita pembeni baada ya Krismasi. Alituambia siku zimebaki chache. Akasema Mama asisimamishwe tena, mifupa imekuwa kama biskuti na moyo umechoka, akianguka hata kidogo ndiyo basi. Baba alimsikiliza huku akifikicha vumbi la mbao kwenye vidole. Kisha akarudi kupiga msasa. Alikuwa amefunga mlango wa chumba cha Mama kwa nailoni na utepe wa gundi, lakini vumbi la mepo unalijua, linapita hata kwenye tundu la ufunguo. Mama akakohoa. Nikamwambia nimhamishie kwangu hapa jirani mpaka vanishi iishe, harufu ile itamuua. Akanikatalia kabisa. Akasema ameingoja sakafu hii tangu akiwa msichana, sasa inakuja ndiyo yeye aondoke, kwani ana kichaa? Basi Baba akafungua madirisha Januari, jiko linanguruma, theluji inaingia, na Mama amefukiwa kwa mablanketi anaonekana pua tu.

Mkono wa kwanza wa vanishi, akasubiri, akasugua. Wa pili, akasubiri, akasugua. Ulipokauka juujuu wa mwisho, sebule ilikuwa inang'aa kama ziwa asubuhi pasipo upepo, na hapo sijaongeza chumvi. Akafunga kamba mlangoni. Akatukumbusha sheria zake ambazo wewe na mimi tulizaliwa tukazikuta. Viatu, marufuku daima. Soksi, baada ya siku kadhaa. Viti, baada ya hapo, na kila mguu wa kiti uvalishwe kitambaa kizito cha sufu. Kufunika kwa kitu chochote, zulia au boksi, si kabla ya wiki nyingi, kwa kuwa vanishi mbichi haifunikwi, inahitaji hewa ili ikomae. Mama akaomba aguse tu kwa kidole cha mguu. Baba akasema, "Bado, Lempi." Na kwa bahati mbaya Impi alikuwa mlangoni na sufuria ya supu ya samaki, akayasikia. Kufika jioni, kijiji kizima kilikuwa na ule msemo wa "bado, Lempi."

Kesho yake Baba alinituma mjini kutafuta kitambaa cha sufu cha miguu ya viti. Nilikwenda duka hadi duka, barabara imejaa barafu, nikarudi mikono mitupu, na nilipoingia ghalani kuweka koleo nikakuta boksi zima la vitambaa hivyo hivyo juu ya rafu. Nilikwenda kumfokea. Nikamkuta yuko magotini sebuleni, anafunika sakafu kwa maboksi yaliyopasuliwa, anabandika utepe pembeni. Mama yuko kitandani, mashavu mekundu, macho yanawaka, ananiomba kahawa, yeye ambaye hakuwa ameomba kitu siku nyingi. Nikadhani ni homa. Asubuhi iliyofuata hakuamka.

Sasa nikuulize, Arvid, wewe uliyepiga magoti na Baba miaka yote ile. Ulikuja msibani, ukasimama kwenye maboksi yale kwa soksi zako, ukaona vanishi mbichi imefunikwa. Hukujiuliza? Ni nani aliyetufundisha kwamba haifunikwi? Mtu huyo anaweza kusahau siku ya kuzaliwa kwake, lakini hilo asahau? Mimi niliona, nikashangaa kidogo, kisha kilio kikanisahaulisha. Na wewe ulikuwa na hasira, na haki ya hasira ulikuwa nayo. Sijasahau ile siku aliyozaliwa Senja. Ulikuwa kazini kwenye nyumba ya watu, simu ikalia upande wa pili wa chumba, ukakimbia na buti juu ya vanishi mbichi kwa kuwa mke wako alikuwa na uchungu. Baba akakuambia hutoki mpaka urudie msasa chumba kizima. Ukarudia, kijana mtiifu wewe, na ulipofika hospitali mtoto ameshaoshwa na amelala. Jambo lile lingemuuma yeyote. Ndiyo maana msibani sikukuzuia.

Tangu mlipozika na kuondoka, Baba si yule. Maboksi hayajatolewa. Anapita pembeni mwa ukuta, anajibana kama mwizi kwenye nyumba yake mwenyewe. Sauna haiwashi, Jumamosi zinapita bila mtu kuoga mvuke. Shule walipiga simu wakitaka aurudie ukumbi wao wa michezo, akawaambia magoti yamekufa. Anakula amesimama, vijiko viwili vitatu, suruali inashikwa na kamba. Ukimsemesha anajibu "eeh" na unajua hakusikia. Nimeanza kuogopa kufungua mlango asubuhi.

Jumanne ya wiki iliyopita nilichoka. Niliingia na ndoo na ufagio, nikapiga magoti, nikang'oa utepe wa kwanza. Sijui alitokea wapi. Akanikamata mkono kwa nguvu mpaka nikapiga kelele. Na mimi nikamwagika, nikamwambia maneno yako yaleyale na mengine ya kwangu, nikamwambia amemnyima mwenyewe kuikanyaga, sasa anailinda kwa ajili ya nani, ya panya? Akauachia mkono wangu. Akakaa chini, hapohapo kwenye maboksi, akalia. Arvid, umewahi kumwona Baba akilia? Mimi sikuwahi, hata alipokatwa kidole. Analia vibaya, kama mtu asiyejua inavyofanywa.

Alinisimulia, kwa vipande, na mimi nakuandikia kama nilivyosikia. Siku ile aliponituma mjini, alinituma makusudi. Mama alikuwa amemwita alfajiri, akamwambia amtolee viatu vyake vyeusi vya dansi, vile vyenye kisigino kidogo, vilivyomo kwenye boksi juu ya kabati. Baba akamwambia bado. Mama akamwambia, "Urho, hiyo bado ni yako. Mimi sina bado. Nina leo." Baba anasema alikaa kitandani, akaitazama miguu ya Mama ilivyovimba, kisha akapanda kiti akalishusha boksi. Akamvalisha. Mikanda haikufunga, akaiacha. Alipotaka kuvua buti zake za kazi, Mama akamuuliza ni lini aliona mwanamume akicheza walzi kwa soksi. Akamkumbusha ukumbi wetu wa zamani wa dansi, ambao babu ndiye aliyeuwekea mepo, kwamba Baba alikuja kumwomba kucheza na buti za msituni zina matope, na yeye angeweza kumkataa kwa sababu hiyo tu, ila hakumkataa.

Basi akabaki na buti. Akaifungua kamba ya mlangoni. Alimbeba zaidi kuliko kumshika, anasema hakuwa na uzito wa kuzidi koti lililolowa. Na akaimba. Baba! Ambaye kanisani anatikisa midomo tu. Walicheza walzi kutoka dirishani mpaka kwenye jiko na kurudi, juu ya vanishi ambayo bado ilikuwa laini kama siagi ya asubuhi. Mama alicheka. Kisha akanyamaza, akatega sikio, kama alivyokuwa akifanya ukutani. Akamwambia, "Hailii hata ubao mmoja. Umeiweka vizuri, mzee." Baba aliporudia maneno hayo alijifuta uso kwa mkono wa shati, na mimi ilinibidi niangalie kwingine.

Halafu pumzi zikamwishia Mama. Aliangukia kifuani kwake. Baba akamrudisha kitandani, akamvua viatu, akavirudisha kwenye boksi, akaja kuifunika sakafu kabla sijarudi. Usiku ule Mama hakusema anaumwa, alisema tu amechoka vizuri. Na asubuhi ilipofika ndiyo hivyo.

Umeelewa sasa? Baba anaamini kwamba yeye ndiye aliyemuua. Muuguzi alisema asisimamishwe, naye akamsimamisha akacheza naye. Uliposimama pale kanisani ukamshtaki kwamba alimchelewesha, yeye alishukuru. Ndivyo alivyoniambia, alishukuru. Alisema, "Afadhali mnichukie kwa kumchelewesha Lempi kuliko mjue kwamba nilimharakisha." Amebeba hilo tangu Februari, pembeni mwa ukuta, kimya, na sisi tunampita tukimwona jiwe.

Kesho yake nilimfuata Bi Colleen kwenye zahanati. Nilimwambia yote. Aliweka mkoba chini akafuta macho, akaniambia kwamba Mama alikuwa amefika mwisho kabla hata ya kuvaa viatu, kwamba ukimya wa asubuhi ile ungekuja vilevile akiwa amelala. Akaongeza kwamba ameona wengi wanaongoja kitu fulani, wakikipata wanajiruhusu kwenda. Nilirudi mbio nikamwambia Baba. Akasema muuguzi ni mtu wa huruma, angesema nini kingine. Mimi nikimwambia, anasema mimi ni binti yake. Inaonekana hukumu anayoingoja haiko kwetu. Wewe ndiye uliyemshtaki, na ni wewe tu atakayekuamini ukimwachia huru. Mtu wa hasira kama wewe hasemi uongo wa kumfurahisha, Baba analijua hilo. Ndiyo maana nakuomba uje, si simu, si kadi, uje mwenyewe uketi mbele yake.

Jana tuliyatoa maboksi, mimi na yeye. Karatasi imenasa mahali pengi, kuna manyoya ya boksi yameganda ndani ya vanishi, kazi chafu kuliko zote alizowahi kufanya, mwenyewe amekiri na karibu acheke. Lakini ukipiga magoti, mwanga wa dirisha ukiwa umelala, utaona. Kuna vijishimo vidogo vya kisigino, vya mguu mmoja vina kina kuliko vya mwingine. Kuna buti zilizoburuta pembeni yake, na karibu na jiko kuna mduara pale walipogeuka. Baba anasema mara mbili aliileta mashine ya msasa mpaka mlangoni, mara mbili akairudisha ghalani. Amevisha miguu ya viti vyote kitambaa cha sufu sasa, hata kile cha kwake, ili visije vikaongeza alama isiyokuwa ya Mama na yeye.

Nilimwambia kwamba nakuandikia, na kwamba nitaandika kila kitu. Nilitegemea anikataze. Alikunywa kahawa yake mpaka ikaisha, amekaa, hakusimama. Kisha akatafuta bisibisi, akaenda mlangoni, akakifungua kile kibao alichokichonga tukiwa watoto, kile cha VUA VIATU, akakitia jikoni pamoja na kuni. Akaniambia bila kunigeukia kwamba ile nyumba ambako siku ile alikurudisha kwenye msasa, hakumbuki tena ilikuwa ya nani, wala rangi ya sakafu yake. Anachokumbuka ni kwamba kuna mtoto aliingia duniani baba yake hayupo, na aliyemzuia ni yeye. Akaufunga mlango wa jiko. Halafu akasema, "Mwambie Arvid amlete mtoto. Na mwambie aingie na buti zake."

Nafunga kwa salamu nyingi kwa Marlene, mwambie mkate wa iliki utakuwa tayari na ninakumbuka kwamba hapendi zabibu. Mbusu Senja kwenye hilo pengo. Impi anakusalimu pia, na nimemkaribisha kahawa Jumapili nimwonyeshe alama, ili safari hii atangaze kitu cha kweli. Mungu awalinde njiani.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Saimi

Nilisahau. Baba amewasha sauna leo. Moshi unaonekana kutoka hapa nilipoketi.